Kamba Isiyoona Maji

Juzi mmoja wenu, nyie vijana mnaochora viwanja siku hizi, alinikuta nimekaa pembeni ya uwanja akaniuliza, "Shikamoo mzee, hivi zamani mlikuwa mnapigaje mistari bila mashine?" Nikamwitikia marahaba, nikaanza kumweleza, na kabla sijafika hata kwenye kona simu yake ikaita, akaondoka. Sijakasirika. Nimeamua tu kuwaandikia, maana karatasi haipokei simu.

Mimi ni Bwire, fundi chokaa. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilichora viwanja vya ligi ndogo hapa Mwanza, ile ya wilaya na ile ya mkoa, ligi ambazo redio haizitangazi na ambazo wachezaji wake Jumatatu unawakuta wamebeba matofali. Mwenyewe sikuwa mchezaji. Nilipiga shuti moja la maana maishani, likavunja kioo cha jirani, nikastaafu siku hiyohiyo. Lakini miaka hiyo yote hakuna aliyefunga goli kwenye ligi ile bila mpira kuvuka mstari wangu, na hilo najivunia hata kama hakuna aliyenipigia makofi.

Kwanza niwapeni ya bure kuhusu upepo. Ziwa letu hupumua. Asubuhi limetulia, ikifika saa sita upepo unapanda kutoka majini na chokaa yako yote inaingia machoni mwako na kwenye nguo alizoanika mama wa watu. Piga mistari mapema, na ukichelewa, geuza mgongo ziwani ufanye kazi ukielekea mjini. Chokaa loweka siku moja kabla, uichuje kwa chandarua kikuukuu, mikono upake mafuta ya kula. Nyie na rangi zenu za kopo mtasema hayo hayawahusu. Siku kopo likiisha Jumapili saa mbili asubuhi na maduka yamefungwa, mtanikumbuka.

Maana mimi chokaa iliniishia hivyohivyo. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, mechi ni ya saa kumi, na nyumbani kulikuwa na gunia la unga wa muhogo. Nikasema weupe ni weupe. Nikachora maboksi mawili, duara la kati, kila kitu, uwanja ukapendeza kuliko siku zote. Timu zilipoingia tulikuta mbuzi saba wameshakula boksi la upande mmoja na kuku wanamalizia kona. Refa aliniita akaniuliza, "Fundi, penalti nitaweka wapi, tumboni mwa mbuzi?" Mke wangu Veronika hakuongea nami siku mbili. Mechi hakuijali, unga ulikuwa wake.

Ligi yenyewe ilikuwa na mambo yake. Kulikuwa na uwanja mmoja wenye jabali kwenye kona, tumelipiga nyundo likatushinda, basi kibendera tukakisimika kwenye debe la mchanga juu ya jiwe. Mpira ukigonga jabali ukarudi ndani, unacheza. Timu ngeni zikilalamika zilijibiwa kwamba jiwe ni la uwanja kama mlingoti wa goli ulivyo wa uwanja. Mawe mengine ndiyo yalikuwa majukwaa yetu. Watu walipanda na watoto mgongoni na mahindi ya kuchoma mkononi, na kila ukoo ulijua jiwe lake.

Timu ya mtaani kwetu Mabatini iliitwa Furu. Furu ni kile kisamaki kidogo ambacho sangara nusura akimalize ziwani, na waanzilishi walichagua jina hilo kwa sababu, walisema, sisi ni wadogo lakini bado tupo. Katibu wa timu alikuwa Samweli kinyozi, na ofisi ya timu ilikuwa saluni yake. Jezi zilikaa kwenye droo moja na mashine za kunyolea, wachezaji wakiingia uwanjani wananukia spiriti. Veronika alikuwa shabiki wa Furu kuliko Samweli mwenyewe. Wengine huzaliwa na dini, yeye alizaliwa na Furu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Masalu, Msukuma wa Magu, mrefu, mpole, mtu wa maneno machache. Yeye hakuwa na tepu ya chuma. Alikuwa na kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe, yenye vifundo. Kifundo cha kwanza mita tano na nusu, boksi dogo. Cha pili mita tisa na sentimita kumi na tano, duara. Cha tatu mita kumi na moja, penalti. Cha nne kumi na sita na nusu, boksi kubwa. Kwa kamba hiyo moja na vigingi viwili alichora uwanja mzima, na pembe zake zilikaa sawa kama za meza. Mnataka kujua siri ya pembe? Pima hatua tatu huku, nne huku, halafu kamba ya hatua tano iunganishe ncha hizo mbili. Ikifika sawasawa, pembe yako ni nyoofu. Isipofika, rudia. Hesabu hiyo haihitaji betri.

Kuhusu kamba alikuwa na masharti yaliyonichosha. Ining'inie juu ya jiko, darini, siku zote. Asiishike mtu mwingine. Na lililo kubwa kuliko yote, isione maji. "Kamba hii haioni maji, ng'wanawane," alikuwa ananiambia, yaani mwanangu kwa Kisukuma, nami ng'wanawane nikawa nacheka pembeni. Mimi ni Mjita wa ng'ambo ya Mara, baba yangu alikuwa katekista, na masharti ya namna hiyo niliyaweka kwenye kapu moja na hirizi. Nilidhani ni mwiko wa kwao. Sikumuuliza sababu hata siku moja, naye hakuwa mtu wa kuelezea asichoulizwa. Alipozeeka akarudi Magu, akaniachia kamba. Nikaitundika juu ya jiko kwa heshima yake tu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Ilikuwa Jumamosi, kesho yake Furu wanacheza mechi ya mwisho ya ligi ya mkoa na timu ya Butimba iliyokuwa inaitwa Radi. Radi walihitaji sare tu wapande daraja. Furu walihitaji ushindi. Mabatini nzima ilikuwa haijalala vizuri wiki hiyo, na Veronika alikuwa ameshashona kofia yenye rangi za timu.

Mchana akaja shemeji yangu Majura, kaka yake Veronika, mvuvi wa dagaa. Kamba ya mtumbwi wake imekatika na anataka kuuvuta nchi kavu autengeneze. Macho yake yakapanda darini. Nyie wa mjini hamjui, lakini kwetu ufukweni mtu anayeenda majini akikuomba kamba humnyimi. Ukimnyima na likampata la kumpata, utasemwa mpaka kwenye msiba wako. Nikaisikia sauti ya Mzee Masalu, nikaipuuza, nikamshushia kamba. Tena niwe mkweli, nilijisikia raha kidogo. Nilijiona naushinda ushirikina.

Majura akairudisha Jumapili asubuhi, ameikunja vizuri ndani ya mfuko wa salfeti, imelowa chepechepe. Nikaikung'uta, nikaenda uwanjani. Nikaanza na goli la upande wa mawe, nikapima, nikachora. Kengele ya misa ya pili ikalia, nikaianika kamba juu ya jiwe lenye jua, nikaenda kusali. Niliporudi saa sita ilikuwa imekauka kabisa, nikamalizia goli la upande wa barabara. Uwanja ukakaa vizuri. Refa alinisifu.

Mechi ikaenda mpaka dakika za mwisho hakuna goli. Halafu mchezaji wa Furu akaangushwa kwenye boksi la upande wa mawe, penalti.

Golikipa wa Radi alikuwa kijana mwembamba anaitwa Faustine. Mama yake alikuwa fundi cherehani kule Butimba. Msimu ule mzima hakuwa amefungwa penalti hata moja, na watu walikuwa wanatoka mbali kuja kumtazama akizisubiri. Furu wakapiga kulia kwake. Faustine akaruka kulia. Nilikuwa karibu, niliona ncha za vidole vyake zikiugusa mpira, na mpira ukapita.

Nisiwafiche, niliruka na mimi. Veronika alishuka kwenye jiwe na ndoo ya maji aliyokuja nayo, akaimwaga, akaiweka kichwani akacheza nayo mpaka nyumbani. Mabatini haikupika siku ile, watu walikula furaha.

Jumatatu jioni maneno yakaanza kutoka Butimba. Walisema Faustine kauza mechi. Mtu aliyedaka penalti zote, iweje hii ya kupandia daraja imponyoke? Karuka kwa kuchelewa makusudi. Viongozi wake wakamsimamisha, na wateja wa mama yake wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa. Nilisikitika, kisha nikasema ndio mpira.

Jumanne nilirudi uwanja uleule kuuandaa kwa michezo ya shule. Chokaa ya Jumapili ilikuwa bado inaonekana. Nikafunga kamba kwenye goli la barabarani, kifundo cha penalti kikaangukia palepale. Nikaenda goli la mawe, nikavuta, kifundo kikaipita alama yangu ya penalti. Nikadhani nimevuta vibaya. Nikarudia. Kikaipita tena, zaidi ya nusu mita. Boksi kubwa, vilevile. Boksi dogo, vilevile. Upande mzima ulikuwa umesinyaa kama shati lililofuliwa kwa maji ya moto, na kwa sababu kila kitu kimepungua kwa pamoja, hakuna jicho lililoona.

Nilikaa chini. Katani ikilowa hufupika, ikikauka hurudi. Mzee Masalu hakuwa na mwiko wowote. Alikuwa na akili, nami nilikuwa na kiburi. Na Faustine alikuwa amepigiwa penalti ya mita kumi na kidogo kwa sababu yangu, ndiyo maana vidole vyake vilichelewa.

Nilipofika nyumbani Veronika alikuwa anaimba wimbo wa Furu huku akisonga ugali. Nikamweleza yote, kamba, Majura, misa, alama. Nilijua ninachokiweka mezani. Nikisema, ushindi unafutwa, na mtaa mzima utanichukia. Nikinyamaza, hakuna atakayejua mpaka nife.

Aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Kwa hiyo yule mtoto wa mwenzangu wanamwita mwizi bure," akasema.

"Bure kabisa."

"Na wewe unaniambia mimi ili nikwambie unyamaze?"

Ndivyo ilivyokuwa.

Akafuta machozi kwa kanga. Alikuwa analilia Furu, najua, na alikuwa na haki ya kulia. Kisha akainuka, akaichukua ile ndoo yake, akaiweka mbele yangu. "Baba Neema, hawatakuamini kwa maneno. Nenda na maji."

Kamati ya ligi ilikutana kesho yake kwenye chumba kimoja pale Mirongo. Niliingia na ndoo mkono mmoja na kamba mkono mwingine, wakadhani nimekuja kupiga deki. Nikainyoosha kamba sakafuni ikiwa kavu, nikaweka alama ya chaki kwenye kifundo. Nikaitumbukiza ndooni. Mwenyekiti akauliza, "Sasa tunasubiri nini?" Nikamwambia, "Tunasubiri ilowe, mheshimiwa." Basi wakaagiza chai, tukanywa kikombe cha kwanza na cha pili, viongozi wa Furu wananitazama kwa jicho ambalo sitaki kulikumbuka. Nikaitoa, nikainyoosha tena. Kifundo kikaishia mbali na chaki.

Mzee mmoja wa kamati akapiga magoti akapima pengo kwa mkono wake, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka miwani ikadondoka. "Kumbe tumeamua ligi kwa kamba ya dagaa," akasema. Mwenyekiti hakucheka. Aliandika mambo mawili: mechi irudiwe, na golikipa wa Radi hana kosa, barua isomwe hadharani Butimba.

Mechi ilirudiwa. Radi walishinda moja bila, kwa kichwa, bila penalti wala ubishi. Furu walibaki kwenye ligi ya chini miaka mingine mitano.

Msidhani Mabatini walinipa maua. Wiki ile nilienda kunyolewa kwa Samweli, mimi na ujinga wangu. Alininyoa upande wa kushoto vizuri, akasimama, akazima mashine. "Bwire, nimekumbuka ni wewe," akasema. "Kamalizie Butimba." Nilivaa kofia mpaka Mirongo nikapata kinyozi asiyependa mpira. Shemeji Majura naye alipata lake, kila akipita watoto wanamuuliza kama ana kamba. Ila watu wetu hawawezi kukaa na hasira muda mrefu kama kuna la kuchekea. Baada ya miezi michache, kila nikianza kuchora uwanja, mtu juu ya mawe anauliza kwa sauti, "Fundi, kamba kavu?" na mawe yote yanaitikia, "Kavu!" Hata tepu ya chuma ilipokuja waliendelea kuuliza.

Kilichoniuma ni Faustine. Siku ya marudiano, kabla ya filimbi, alitoka golini na tepu ya kushonea ya mama yake. Mnaijua, ile laini, mita moja na nusu. Akapiga magoti kwenye mstari wa goli akaanza kupima kuelekea alama ya penalti. Mara saba, halafu nusu mita. Mashabiki wakawa wanahesabu naye. Akafika, akatazama alama yangu, akarudi golini bila kunitazama.

Alifanya hivyo kila mechi niliyomchorea. Kila mechi, miaka yote aliyocheza, na alipoacha kucheza akawa kocha wa makipa, aliendelea. Salamu alinipa, shikamoo yake haikukosekana, alinywa hata soda nyumbani kwangu. Lakini kabla ya mpira lazima apige magoti. Sikumlaumu. Nilisimama pembeni nikasubiri amalize, na kila akifika ile nusu mita ya mwisho moyo wangu ulikuwa unadunda kama wa mwanafunzi. Niwaambie ukweli, yule mtu ndiye aliyenifanya fundi. Hakuna mstari niliowahi kuupiga kizembe tena.

Siku yangu ya mwisho kazini walinipangia mechi ya maveterani, Furu na Radi, matumbo mbele. Veronika alikuja na ile kofia yake ya zamani. Niliamka mapema, ziwa limetulia, nikachora taratibu kuliko siku zote. Nilikuwa namalizia alama ya penalti upande wa mawe nikamwona Faustine anakuja, ndevu zimeshaanza mvi, tepu ya mama yake inaning'inia shingoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

Akasimama kwenye mstari wa goli, akatazama alama, akatazama ziwa. Nikasogea nimpishe apige magoti. Hakupiga.

"Leo hupimi?" nikamuuliza.

"Nani kachora?"

"Mimi."

"Basi sipimi," akasema. Akaivua tepu shingoni, akanivalisha, akaenda kubadilisha viatu.

Nilisimama pale machozi yakanitoka, chokaa ikaingia machoni nikazidi kulia. Alipopotea nyuma ya mawe nikatazama huku na huku, hakuna mtu. Nikapiga magoti kwenye mstari wa goli, nikapima. Mara saba, halafu nusu mita. Kumi na moja kamili.